Chupa Tatu Mezani

Mtu akishaitwa mchawi, hata akipiga chafya watasema anaapiza. Sista Rosalia Nyaboke alikuwa amewachanja watoto wa Likoni mpaka baadhi yao wakakua wakamletea wa kwao, na muda wote huo hakuna aliyejali ametoka wapi. Siku watoto watatu wa mtaa mmoja walipolazwa kwa homa kali, mtaa mzima ulikumbuka kwa pamoja kwamba yeye ni mtu wa bara.

Sasa alikuwa ameketi kituo cha polisi, sare yake ya uuguzi imekunjamana, mbele ya Inspekta Ishaka Kiponda wa upelelezi. Ishaka alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kuharakishwa, na siku hiyo alikuwa akiharakishwa. Mkuu wake alikwisha kutoa neno: kama hapatapatikana maelezo mengine kabla ya jioni, kesho Rosalia atapelekwa mahakamani kwa shtaka la kuuza chanjo ya serikali na kuwadunga watoto maji.

"Sista, nitakuuliza tena, na usinione nakuchokoza," alisema Ishaka. "Bi Mwidani ameandikisha kwamba siku mjukuu wake Jalila alipochanjwa, aliiona chupa mkononi mwako, na ndani mlikuwa na maji. Amesema uongo?"

"Hapana. Aliona kweli."

Sajini Philister, aliyesimama mlangoni, aliinua uso. Alikuwa binti wa Kakamega aliyepanga chumba Kisauni, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kuhukumu.

"Endelea," alisema Ishaka.

"Chanjo ya nimonia ni nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Ikikaa, ule weupe hutuama chini, juu panabaki maji. Ndiyo maana lazima itikiswe kabla ya kuvutwa kwa sindano. Bi Mwidani aliiona kabla sijaitikisa."

"Huwa inatuama upesi?"

Rosalia alifikiri kwanza. Hakuwa mtu wa kujibu kwa pupa, na jambo hilo lilimpendeza Ishaka. "Zamani haikuwa na haraka. Miezi hii ya karibuni, nikiweka chupa mezani nimshike mtoto vizuri, nikigeuka nakuta imeshajitenga. Nilidhani kiwanda kimebadilisha kitu."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu." Aliiangalia mikono yake. "Hilo ni kosa langu, Inspekta. Lakini maji sikuwadunga watoto, na dawa sikuiuza."

Nje, Philister hakuweza kujizuia. "Mkubwa, si ashakubali? Amesema mwenyewe maji yalikuwa kwa chupa."

"Amesema yalikuwa juu," alijibu Ishaka. "Mwizi akishauza dawa na kujaza maji, hana sababu ya kuacha mashapo chini. Washa gari."

Daktari Janice aliwapokea katika maabara ya hospitali. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, naye ndiye aliyeyapima maji ya uti wa mgongo wa Jalila. Mtoto huyo alikuwa ndiye mgonjwa zaidi kati ya wale watatu. Homa ilikuwa imeanza kushuka, akinyonya kidogo, ila mama yake alikuwa amegundua kwamba hata mlango ukigongwa kwa nguvu hashtuki.

"Kijidudu chenyewe ni nyumokokasi," alisema Janice. "Hukaa puani na kooni mwa watu wengi. Huenda hata wewe unacho, na hakikusumbui. Kwa mtoto mchanga kinaweza kushuka mapafuni kikawa nimonia, au kikaingia damuni na kupanda hadi kwenye utando wa ubongo. Jalila kimempanda. Wale wenzake wawili wameumwa mapafu."

"Na wote watatu walichanjwa."

"Walichanjwa, zahanati ile ile. Sasa sikiliza, kijidudu hiki kina aina nyingi, na chanjo inazikinga baadhi tu. Kama wangeumwa na aina isiyomo katika chanjo, nisingekupigia simu. Nimepima wote. Ni zile zilizomo."

"Mmoja angeweza kuwa bahati mbaya?"

"Mmoja, ndiyo. Chanjo si ukuta wa mawe. Watatu wa mtaa mmoja, sindano zote walizopaswa kupata wamepata, hapana. Ile dawa haikuwa na kazi tena."

"Kwa sababu ilikuwa maji," alisema Philister.

Janice alimtazama bila hasira. "Hilo tutaliona sasa hivi."

Aliweka chupa tatu ndogo mezani, kila moja imebandikwa kipande cha plasta. Ya kwanza ilitoka bohari kuu, ikatunzwa inavyopasa. Ya pili ilikuwa ndugu yake wa toleo lile lile, ila Janice aliigandisha makusudi kwenye friza jana yake, kisha akaiacha iyeyuke. Ya tatu ilikuwa ile ambayo Philister mwenyewe aliikamata katika zahanati ya Mwanjirani, kituo cha Rosalia, haijafunguliwa.

"Watu wanadhani chanjo huogopa joto tu," alisema Janice, akizishika zote tatu kwa mkono mmoja. "Hii inaogopa zaidi kuganda. Ikiganda mara moja tu, imekufa. Ikiyeyuka inarudi kuwa nyeupe vile vile, wala huwezi kuitambua kwa kuiangalia. Ila ule unga wake hushikamana ukawa mzito, na kitu kizito huzama upesi."

Alizitikisa kwa nguvu mpaka zote zikawa nyeupe, akazisimamisha mezani kwa mstari. Kisha akaagiza chai. Philister alidhani ni mzaha, lakini chai ililetwa kweli, na watu wazima watatu wakaketi kuzitazama chupa kama watu wanaongoja uji uchemke.

Ya pili ilianza mapema. Sehemu ya juu ilitakata, mashapo yakajikusanya chini. Ya kwanza iliendelea kuwa nyeupe. Ishaka alikuwa hajamaliza kikombe chake alipoona kwamba ya tatu, ile ya Mwanjirani, inaifuata ya pili hatua kwa hatua. Walipomaliza chai, zile mbili zilikuwa zimelingana, na ya kwanza bado ni tui.

"Basi si maji," alisema Ishaka.

"Ni chanjo halisi. Hakuna aliyeiuza wala kuichanganya. Iliganda. Na zile nyingine zinazoogopa kuganda, kama zilikuwa pamoja nayo, nazo zimekwisha. Watoto wote waliodungwa kutoka humo watarudiwa."

Philister aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo ni friji. Kuna mtu aliongeza baridi."

"Friji ya Mwanjirani iliharibika zamani," alisema Ishaka. "Iko kwa fundi Changamwe. Twende tumuulize kama ilikufa ikigandisha."

Karakana ya Jacktone ilikuwa kando ya njia ya malori yateremkayo Kipevu, na kila lori lililopita liliyatikisa mabati yake. Friji ya zahanati ilisimama pembeni, mgongo wazi, ikingoja kompresa. Jacktone alipoona polisi wawili alifuta mikono mara mbili kwenye kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Philister alimvaa pale pale. "Wewe ndiye uligeuza hii friji ikagandisha dawa za watoto. Sema tu mapema."

"Kugandisha?" Jacktone alicheka kwa woga. "Sajini, hii kitu ilikuwa inapika. Ungeweka yai ndani lingeiva. Sista aliniita kwa sababu ya joto, si baridi."

"Dawa zilikuwa ndani ulipoichukua?"

"Alizitoa mbele ya macho yangu, akazitupa, eti zimepata joto. Aliniambia mpya zikija ataweka kwa lile sanduku la barafu mpaka nimalize. Spea ndiyo imechelewa, mkubwa, si mimi."

Ishaka aliamini. Isitoshe, chupa iliyokamatwa ilitoka katika toleo jipya, ambalo friji hii haikuwahi kuliona. Alifungua mlango. Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa kipimajoto kidogo, kimening'inizwa kwenye waya wa rafu, kinafanya kazi barabara.

"Hiki ni chako?"

"Ni cha zahanati. Kilikuja na friji. Hakuna mtu alikiulizia."

Ishaka alikitia mfukoni, akatoka kivulini mwa mabati, akapiga simu kituoni ili apewe Rosalia.

"Sista, kipimajoto chenu nimekikuta Changamwe. Sandukuni ulikuwa ukitumia kipi?"

"Sikuwa nacho. Niliomba kingine, hakikuja. Nilitegemea macho. Tulifundishwa barafu iliyotoka friza moja kwa moja ni hatari, inagandisha dawa. Lazima uingoje ianze kuyeyuka, uisikie ikicheza ndani ya maji. Na mimi niliingoja kila siku. Barafu yenyewe ilikuwa inafika kwangu ikielea katika maji."

"Ikitoka kwa nani?"

"Kwa Bi Mwidani, muuza samaki. Alikuwa ananipa bure kila jioni, kwa ajili ya watoto."

"Huyo huyo aliyekushtaki? Mbona hukuniambia?"

"Barafu ni barafu, Inspekta. Na mjukuu wake yuko hospitali. Ningemtaja ili iweje?"

Walirudi Likoni kwa barabara ya Dongo Kundu. Zahanati ilikuwa imefungwa kwa utepe wa polisi, na kina mama kadhaa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta na watoto wao, wanangoja kusikia chochote.

Sanduku la chanjo lilikuwa tupu juu ya meza. Ishaka alilichungulia, akapitisha kidole kwenye pembe za chini. Palikuwa na ukoko mweupe, mgumu. Bawaba za mfuniko zilikuwa zimeliwa na kutu ingawa sanduku lenyewe lilikuwa karibu jipya. Akakitia kidole ulimini.

"Chumvi," alisema.

"Kwani bahari iko hapo tu, mkubwa."

"Bahari haipandi mezani." Aliketi kwenye kiti cha Rosalia, ghafla amechoka. "Wewe hukukulia kwa wauza samaki. Hapa kwetu barafu ya samaki hutiwa chumvi ya mawe. Chumvi ikiingia, barafu inayeyuka, lakini katika kuyeyuka huko baridi yake inazidi mara nyingi. Ndiyo maana nguru wa jana utamkuta leo mgumu kama gogo, na huku anaelea majini."

Philister alielewa polepole, na alipoelewa alivuta kiti kingine. "Kwa hiyo Sista anaona maji, anasema barafu imepungua nguvu..."

"Na maji yenyewe yanagandisha kuliko barafu. Usiku dawa zinaganda. Asubuhi chumvi imeshamaliza kazi, dawa zimeyeyuka, anafungua sanduku anakuta kila kitu ni maji na salama. Alitazama dalili aliyofundishwa, nayo ndiyo iliyomdanganya."

"Na huyo mama? Alifanya kusudi?"

"Hilo ndilo ninaloenda kuuliza," alisema Ishaka. "Na laiti angekuwa amefanya kusudi."

Bi Mwidani alikuwa barazani kwake, nyuma ya meza ya samaki, akimparua changu magamba. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na tangu Jalila alazwe hakuwa amefunga biashara hata siku moja, kwa sababu alisema akikaa bure atafikiri.

"Shikamoo, Bi Mwidani."

"Marahaba, mwanangu. Mumeshamfunga?"

"Bado."

"Wangoja nini, Ishaka? N'liona kwa mato yangu. Maji matupu."

"Uliloliona ni kweli, na nimeliandika. Nimekuja kuuliza habari ya barafu."

Uso wake ulilegea kidogo; alikuwa ameulizwa jambo analolijua. "Barafu yangu? Hapa hadi Mtongwe hakuna mfano wake. Huyo Rosalia alikuja hapa friji yao ilipokufa, asema dawa za watoto zitaoza. N'kamwambia, kwa jambo kama hilo mimi siuzi. Leta ndoo kila jioni. Na kumbe n'likuwa namlisha nyoka."

"Ulimpa hii hii ya samaki?"

"Ya samaki?" Alimkodolea macho. "Wallahi Ishaka, wanijua vibaya. Ya watoto ilikuwa na ndoo yake, safi, haijagusa hata pezi. Tena chumvi n'liizidisha. Ya samaki naitia konzi mbili. Ile naitia nne. N'kijiambia, akioza nguru ni hasara yangu pekee, lakini dawa ya mwana..."

Aliacha. Alikuwa ameuona uso wa Inspekta.

"Mbona wanitazama hivyo?"

Ishaka alikuwa amewapelekea watu habari za kila namna katika kazi yake, na hii ilimuuma kuliko nyingi. Alivuta kigoda akaketi, ili asimwambie akiwa amemsimamia. Alimweleza kwa maneno machache na mepesi: chanjo haikuuzwa, haikutiwa maji, iliganda sandukuni, na kilichoigandisha ni ile chumvi. Alimweleza kwamba Rosalia hakujua, na kwamba yeye Bi Mwidani hakuwa na namna ya kujua.

Kisu kilikuwa bado mkononi mwake. Alikiweka juu ya meza taratibu, akanawa mikono kwenye beseni, akarudia kuinawa.

"Kwa hivyo aliyemtia Jalila ugonjwa ni mimi."

"Daktari hawezi kuapa kwamba dawa nzima ingemkinga. Chanjo si ukuta."

"Usinipambie maneno, mwanangu."

"Ndiyo," alisema Ishaka. "Ingemkinga, pengine. Na Rosalia mkono wake ni safi."

Ndani ya nyumba mtoto alianza kulia, kilio cha mtoto aliyeamka na njaa. Bi Mwidani aliingia akatoka naye amempakata. Philister, ambaye hakuwa amejua habari yake, aliuliza kwa sauti ya chini ni nani.

"Nadira. Pacha wake. Mama yao yuko hospitali, huyu n'mebaki naye mimi." Alimtikisa mtoto kidogo, akimwangalia Ishaka juu ya kile kichwa kidogo. "Walidungwa siku moja. Dawa moja."

"Basi naye hana kinga," alisema Ishaka.

Bi Mwidani hakulia. Alivaa buibui lake, akamfunika samaki wake kwa gunia, akasema twendeni.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya Daktari Janice, akamsikiliza Bi Mwidani akifuta ushahidi wake, akamrudishia Rosalia mkoba wake. Alasiri hiyo Janice alikuja Mwanjirani mwenyewe na sanduku jipya la chanjo, na Ishaka akatoa kipimajoto mfukoni akakiweka ndani. Nje, wale kina mama wa kivulini walikuwa wameongezeka. Walikuja hadi mlangoni wakasimama. Walimwona Rosalia amerudi mezani pake, wala hakuna aliyevuka kizingiti.

Bi Mwidani aliwapita katikati. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa mbele ya Rosalia, akamlaza Nadira mapajani, akamvua nepi upande mmoja.

Rosalia alikuwa na chupa mkononi. "Unaniamini, Bi?"

"Hilo ni swali langu mimi kwako," alisema Bi Mwidani.

Rosalia aliitikia kwa kichwa. Bi Mwidani aliwageukia wanawake wa mlangoni. Alikuwa amewaambia wengi wao kwa kinywa chake kwamba huyu ni muuaji, na sasa alisema kwa sauti ile ile aliyonadia samaki, ingawa ilikuwa ikikatika.

"Sikizani. Sista hakuwatia wana maji. Aliyeiharibu dawa ni mimi, kwa barafu yangu na chumvi yangu, na mwana wangu yuwalala hospitali kwa ajili yake. N'liwadanganya nikidhani nasema kweli. Atakayetaka kumtukana mtu, nyumba yangu mwaijua."

Ishaka, aliyesimama kando ya kabati, aliona mwanamke mmoja akimhamisha mtoto wake bega hadi bega, na mwingine akiinamisha macho. Alitamani kumwondoa yule bibi pale, ampeleke nyumbani, lakini hiyo haikuwa kazi ya polisi.

Rosalia alitikisa chupa, akaitazama kwa muda mwangani, akavuta dawa. Nadira alidungwa, akanyamaza kidogo kama anayetafakari, kisha akapiga kelele. Bi Mwidani akalia naye, hapo hapo kitini, mbele ya mtaa wake wote.

Aliendelea kukaa hivyo, mtoto kifuani, mpaka mama wa kwanza alipovuka kizingiti na mwanawe. Ndipo akainuka akampisha.